Mpini wa Mkono wa Kulia

Ingia jiko lolote la Matogoro, omba kisu umenye kitunguu. Ukikishika tu, kidole gumba kikajikuta kimekaa kwenye kishimo kidogo ubavuni mwa mpini, kimetulia kabisa, basi usiulize. Hicho ni kisu cha Fundi. Mafundi wapo wengi Songea, wa magari, wa redio, wa cherehani kama mimi, lakini kwetu ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wanakuelekeza kwenye ile nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na njia ya kupanda msituni, yenye banda la mabati ubavuni. Mimi nimepanga chumba cha mbele cha nyumba hiyo toka mume wangu alipofariki. Cherehani yangu iko dirishani, na kati yangu na banda lake ni ukuta wa mbao tu. Nimemsikia mtu huyo akipiga tupa miaka yote hiyo. Nimemsikia akiimba, akigomba, akikohoa moshi. Na toka mkewe alipopata kiharusi nimemsikia akilia, mwanaume mzima, halafu anakung'uta vumbi la mbao kwenye shati, anatoka nje, ananiambia, "Mama Neema, moshi wa leo mkali."

Moshi gani, na moto hajawasha!

Chuma kwake hakikuwa kitu cha kujivunia. Alikata springi za magari mabovu zilizotoka gereji za Bombambili, akazichoma kwenye mkaa, akazigonga, akazizamisha kwenye mafuta machafu, basi. Kazi hiyo aliifanya haraka haraka kama mtu anayemaliza sala za utangulizi. Roho yake ilikuwa kwenye mpini. Kisu, alisema, hata mwendawazimu anaweza kukinoa kwenye jiwe. Ila mpini ndio unaosema kama utapika kwa furaha au utapika ukitukana. Mti alioupenda kuliko yote ni mkahawa, ile mibuni mizee wanayong'oa Mbinga. Watu wanaiona kuni. Yeye alikuwa anapanda gari kwenda kuomba visiki, anarudi navyo kwenye kiroba, anaviweka chini ya kitanda vikauke taratibu. Ndiyo, chini ya kitanda alicholala na mkewe. Mama, ndivyo tunavyomwita mkewe, alilalamika kuhusu mende mpaka akachoka.

Ukienda kuagiza kisu hakuulizi unataka kikubwa au kidogo. Anakwambia, "Nipe mkono." Anaushika, anaugeuza, anaubonyeza chini ya vidole palipo sugu, anakuuliza unapika nini nyumbani, unakamata mwiko juu au chini. Mimi alinishika mkono akaniambia, "Wewe unang'ang'ania vitu." Nilinuna siku nzima. Lakini kisu aliponipa, jamani, nilikata sukumawiki mpaka nikajihisi mpishi wa hotelini. Mpini ulichongwa kwa kisu kingine kidogo, ukakwanguliwa kwa kigae cha chupa, ukapigwa msasa, ukanyweshwa mafuta ya alizeti. Mkia wa chuma aliuchoma hadi ukawa mwekundu, akauzamisha ndani ya mti, na harufu ya mkahawa ukiungua ikajaa hadi chumbani kwangu. Nguo za wateja wangu zilinuka kahawa. Hakuna aliyelalamika.

Mwishoni kabisa, kile kishimo cha gumba. Hicho alikuwa anakichimba kwa kusugua na kidole chake mwenyewe juu ya msasa, anasugua, anajaribu, anasugua. Na alikuwa na msemo wake, aliusema kwa kila mtu, kwa padre, kwa wanajumuiya, kwa muuza maziwa: "Hakuna mkono mbovu. Kuna mpini mbovu." Mtu akija na mkono uliovunjika zamani ukaunga vibaya, au bibi mwenye vidole vilivyopinda, Fundi alikuwa anafurahi kama amepewa zawadi. Alikuwepo mzee mmoja asiye na vidole viwili. Fundi alimchongea mpini wenye kigongo katikati, yule mzee akaondoka akichinja hewa njia nzima kwa furaha. Baada ya hapo nani angemwambia kitu? Kichwa kilivimba.

Kumbe aliyekuwa anamtia akili ni mkewe.

Hili watu wengi hawalijui. Hakuna kisu kilichotoka kwenye banda lile bila kupita jikoni kwa Mama kwanza. Fundi akimaliza, anakiweka juu ya kigoda, maana hakumkabidhi mtu kisu mkononi hata siku moja, alisema kisu cha kupokezana kinaleta ugomvi. Mama anakiokota, anaenda nacho. Anamenya nacho muhogo, anakata nacho nyanya, anapasua nacho boga, juma zima. Jumapili baada ya misa anatoa hukumu. "Huu unakula kiganja." Au, "Huu unateleza ukiwa na mafuta." Au, siku za neema, "Huu upeleke kwa mwenyewe." Fundi aliyekuwa anabishana na dunia nzima, mbele ya hukumu hiyo alikuwa anainama kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Anachukua kisu, anarudi bandani, anaanza upya. Hata kishimo cha gumba, watu wanachomsifia, lilikuwa wazo la Mama. Yeye ndiye aliyesema gumba lake halina pa kulala.

Na wanawake wa Matogoro wanajivunia visu vipya, hawajui kwamba vilishapika ugali na mlenda kwa mtu mwingine kabla yao.

Alikuwa na vituko vyake. Mtu wa kutengeneza visu, damu ya kuku ilikuwa inamlegeza magoti. Sikukuu ikifika, anamwita jirani achinje, yeye anajifanya ana kazi bandani, anapiga nyundo kwenye chuma kitupu ili asisikie. Kiazi hajawahi kumenya. Nyumbani kwao alikokulia mwanaume haingii jikoni, na yeye aliona hilo ni sawa na jua kutoka mashariki. Nilimtania siku moja, "Baba, shikamoo. Ukiachwa na kiazi peke yako si utakufa na njaa?" Akacheka, "Marahaba. Nitakufa nikiwa na kisu kizuri." Alikuwa mkali wa maneno, mwepesi wa kuomba radhi. Anaweza kukufokea asubuhi kwamba cherehani yako inamtetemeshea kazi, jioni analeta kigoda alichokuchongea bila kuulizwa. Ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, aliunywa msimu wake tu, na akinywa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili, sauti ya kwanza anamwachia mkewe aliyeko ndani. Na mkewe anaitikia kutoka jikoni. Mimi mjane, nimekaa na cherehani yangu, nawasikiliza, wivu unanishika, nasema wazi.

Kiharusi kilimpata Mama asubuhi, akiwa jikoni, akijaribu kisu. Tulisikia kisu kimeanguka kwenye sufuria. Fundi alidhani ni hukumu, kwamba mpini umeteleza, akapaza sauti kutoka bandani, "Unateleza?" Hakujibiwa. Akauliza tena. Ndipo nikakimbia mimi.

Alipotoka hospitali, mguu ulikuwa unaburuzika lakini unatembea. Maneno yalirudi machache, mazito, unasubiri neno kama unavyosubiri maji ya bomba ya mgawo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia tu, vidole vimekunjwa kidogo, baridi. Ule mkono uliohukumu visu vyote vya Matogoro!

Watoto wao wako mbali, Dar na Mbeya, wanapiga simu, wanalia kwenye simu, wanakata. Wanawake wa jumuiya yetu tukapanga zamu za kuja kupika na kuosha vyombo. Na kutoka hospitali akaja kijana wa mazoezi, mpole, anayejua kazi yake. Alimkunja Mama vidole, akamkunjua, akatufundisha na sisi. Siku moja akamwambia Fundi kwa heshima zote, "Mzee, mkono wa kulia tutaendelea nao, lakini usiuwekee matumaini yote. Wa kushoto ni mzima kabisa. Aanze kuutumia. Ale nao, amenye nao, apate kujiona mtu."

Loo! Nilikuwepo. Fundi alisimama.

"Kijana, wewe umelelewa na nani?"

"Mzee, mimi nasema kwa afya yake tu..."

"Mke wangu alishe watu kwa kushoto? Mkono wa kutawazia? Mgeni aje, apewe chakula kwa kushoto, aseme nini? Kwamba nyumba hii imekwisha?"

Sasa hapo msimcheke. Sote tumelelewa hivyo. Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto, hata kama kulia umebeba mtoto, unasema kwanza, "Samahani kwa kushoto." Mtoto akipokea kwa kushoto anachapwa. Mama mwenyewe ndivyo alivyowalea wanawe. Lakini kwa Fundi hili lilikuwa zaidi ya adabu. Kukubali kushoto ilikuwa ni kusema kulia kumekufa. Na kama kulia kumekufa, basi ule msemo wake wa maisha yote ni uongo, na yeye ni mchonga kuni tu. Akamwambia yule kijana, "Hakuna mkono mbovu. Nipe muda." Kijana aliendelea kuja, ila kuhusu kushoto hakuthubutu tena.

Hapo ndipo Fundi alipoanza kuchonga mpini wa mkewe.

Aliacha kazi zote. Wakulima wa tumbaku kutoka Namtumbo walikuja kuagiza visu kama kawaida yao kabla ya mavuno, mmoja wao mzee wa Kiislamu ambaye wamejuana tangu ujana. Alikaa bandani asubuhi nzima. Nilimsikia akisema, "Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu ndiye anayetoa na kutwaa. Subira." Fundi akamjibu, "Subira ninayo. Mpini ndio sina." Yule mzee akaondoka mikono mitupu, akanipitia dirishani akatikisa kichwa, "Mwanangu, mwangalie rafiki yangu. Anajichonga mwenyewe yule."

Kila asubuhi tupa inaanza. Mpini wa kwanza ulikuwa mnene, wa mpera kwa sababu ni mwepesi. Akauingiza kwenye vile vidole vilivyokunjwa, akavifunga kimoja kimoja juu yake kama unavyofunga vifungo vya shati la mtoto, akaweka kiazi mbele. "Haya mama, bonyeza." Mkono ukafunguka, kisu kikaanguka. Akasema mti ni laini mno. Akachonga wa mkahawa, wenye mabonde manne ya vidole. Kikaanguka. Akauvika mpira wa tairi la baiskeli usiteleze. Kikaanguka. Akaweka mkanda wa ngozi wa kufunga kwenye kiganja, hapo kisu hakikuanguka, ila mkono wenyewe ndio ulioanguka na kisu chake juu ya mapaja. Akachonga wenye pete. Akachonga uliopinda kama kishikio cha mwavuli. Akaenda Mbinga tena kutafuta kisiki, akaenda mpaka Madaba aliposikia kuna mtu ana mti fulani mgumu wa zamani, akarudi amelowa mvua, homa juu, na kipande cha ubao kifuani kama kichanga. Alikonda. Chakula tulichopika kilikuwa kinarudi jikoni vilevile, mpaka awe ameshika kazi ndipo angalau anatafuna huku anapiga tupa.

Na yeye ambaye hakumkabidhi mtu kisu mkononi maisha yake yote, sasa alikuwa anamtia mkewe kisu mkononi kutwa mara kadhaa, anamfumba vidole, anamsihi.

Mama alimwacha. Alinyoosha ule mkono kwa kuubeba na wa kushoto, akauweka mapajani, akatazama pembeni. Mimi nilidhani ameshakata tamaa kabisa, kwamba haoni tena kinachofanywa kwenye mwili wake. Nilimhurumia Mama, na Fundi nilimkasirikia, na kumkasirikia mtu anayelia ni kazi ngumu.

Kanisani ilikuwa hivyohivyo. Wakati wa ishara ya msalaba, Fundi alikuwa anaushika ule mkono wa kulia, anaupandisha kwenye paji la uso la mkewe, anaushusha kifuani, bega hili, bega lile. Polepole. Kanisa zima lilikuwa limeshafika kwenye zaburi, yeye bado anaupeleka mkono. Siku jumuiya ilipokutana kwao, akaombwa aongoze sala ya mwisho. Tulitegemea sala ya kawaida. Akasema, "Mungu, wewe ulichonga mkono huu. Nionyeshe ulivyoushika." Halafu sauti ikakatika. Tukaitikia amina haraka haraka ili tumfiche.

Tuligombana naye mara moja tu, na niligomba kweli. Nilikuwa napeleka uji ndani, nikaona kanga ya Mama imelowa nyekundu pajani. Mkono ulimwangukia na kile kisu cha mkanda, kikamkata, na upande ule haujui maumivu sana, au alijua akanyamaza. Nilitoka mbio mpaka bandani.

"Baba, utamuua huyu mama kwa visu vyako!"

Alikuja akaona damu. Magoti yakamlegea, akashika mlango. Nilimfunga Mama jeraha peke yangu, yeye amekaa kizingitini amegeukia nje.

"Yule kijana wa hospitali alikwambia," nikamwambia. Hasira zilikuwa zimenipanda, siwezi kuzuia. "Mkono wa kushoto upo! Mzima! Wewe na adabu zako!"

"Wewe unajua kushona," akasema taratibu bila kugeuka. "Mikono huijui."

"Najua damu nikiiona."

Alienda bandani. Nikasikia anatupa vitu, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Alikuwa anaitia kwenye moto mipini yote aliyomchongea mkewe, mmoja mmoja, wa mpera, wa mkahawa, wenye mkanda, wenye pete, na ule mpira wa baiskeli ukatoa moshi mweusi mpaka tukakimbia nyumba sote. Nikasema, afadhali. Sasa yamekwisha, mtu amezinduka.

Asubuhi yake tupa ilianza tena.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Nilimwambia hilo, akanijibu kwamba wahenga hawakuwa na msasa. Ndiyo utani wake wa mwisho ninaoukumbuka wa miezi ile. Alikuwa anaisha. Macho yameingia ndani, ndevu za siku nyingi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilipanga kuwapigia wanawe, niwaambie njooni mchukue wazazi wenu kabla hatujazika wawili.

Sasa hili la mwisho ni la Juni hii, baridi yetu ile inayoshuka na ukungu kutoka mlimani. Nilikuwa nimemshonea Mama gauni la kitenge, mkono wa kulia nimeuacha mpana ili kumvisha iwe rahisi. Fundi alikuwa ametoka, ameenda Bombambili kwa mafundi seremala kuomba kipande cha mninga. Haikuwa saa ya zamu ya mtu yeyote. Nikazunguka nyuma, jikoni, bila kupiga hodi, maana pale mimi ni mtu wa nyumbani.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na moto. Kiazi kitamu amekibana kati ya magoti. Mkono wa kushoto umeshika kisu cha dukani, vile vyenye mpini wa plastiki mwekundu ambavyo machinga wanatembeza kwenye beseni. Na anamenya. Simaanishi anajaribu, anamenya! Ganda jembamba, linatoka refu, linaning'inia. Kiazi kinaingia kwenye maji, anachukua kingine. Kwenye sufuria ya pili, motoni, vingine vilikuwa vimeshachemka na maganda yake.

Nilisimama na gauni langu mdomo wazi. Halafu nikaelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Sisi wanawake wa zamu, kila aliyekuja alikuta viazi vimeshamenywa, vimelowekwa. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake aliyetangulia. Hata nilikuwa namsifia mwenzangu mmoja kwa kutuachia kazi nyepesi, na yeye akipokea sifa!

Mama aliniona. Hakushtuka. Akaweka kisu mdomoni kama ishara ya kunyamaza, akacheka upande mmoja, ule unaocheka.

Ndipo tukasikia mlango wa uani. Fundi aliingia na ubao wake wa mninga kwapani, ameshaanza kusema, "Mama, huu ndio wenyewe, huu hauwezi..." Akaona.

Mama hakuficha. Angeweza kukitumbukiza kile kisu kwenye maji, hakufanya hivyo. Alimaliza kiazi kilichokuwa magotini kwanza.

"Tangu lini?" Fundi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Zamani."

"Zamani ya lini?"

Mama alitafuta neno. Tulimsubiri. "Kabla... ya Noeli."

Noeli! Wakati huo alikuwa bado anachonga ule wa mpera. Fundi aliweka ubao chini. Nilitaka kutoka, miguu ikakataa. Aliangalia kile kisu chekundu, akaangalia ganda lile jembamba, na nilimwona fundi ndani yake akilipima ganda hata katika hali ile, akiona kwamba ni zuri.

"Visu vyangu je?"

"Vyako... vya kulia," Mama akasema. "Kishimo. Kushoto kinauma."

"Sasa kwa nini?" Hapo sauti ikampanda, ikavunjika. "Kila siku nakuja. Kila siku nakukunja vidole, nakuumiza, nimekukata! Unautoa mkono, unanipa. Unanipa tu! Kwa nini hukuniambia?"

Nilijua maneno ya Mama yanakuja kwa sababu ule upande mmoja wa mdomo ulikuwa unafanya kazi. Na yalikuja, ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema toka augue, moja moja, na kila moja alilishusha kama ndoo ya maji kutoka kichwani.

"Ulikuwa huli. Hulali. Ukichonga... unakula. Nikasema... basi. Nitampa mkono. Achonge."

Mimi niliweka gauni usoni. Sikuwa na pa kuficha uso.

Fundi alisimama pale katikati ya jiko ambalo hakuwahi kuingia kukaa, mikono imelegea, yote miwili, nikamwona amezeeka ghafla. Miezi yote hiyo alidhani yeye ndiye aliyembeba mkewe. Nilidhani ataanguka, kweli, nikasogea.

Mama akaweka kisu chini. Akafunua sufuria iliyochemka, akatoa kiazi kimoja, akakipuliza. Akamnyooshea mumewe. Kwa kushoto. Nikamsubiri aseme samahani, kwa mazoea tu, sote tunasema. Hakusema samahani.

"Kula," akasema.

Fundi aliutazama ule mkono. Ulikuwa na chembe za ganda kwenye kucha, na sugu mpya chini ya kidole cha shahada. Nilimwona akiiona ile sugu. Akapiga magoti kwenye mkeka, akakusanya viganja vyake viwili kama watu wanavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wao, akapokea. Akakila pale pale na ganda lake, cha moto, machozi yanashuka kwenye ndevu, na Mama akachukua kiazi kingine akaendelea kumenya.